"Kwa nasaba" na "kinasaba"

Mwezi huu neno "kinasaba" nimelisikia mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa kikaoni kazini: fulani ni mbunifu "kinasaba", baba yake alikuwa mchoraji, kwa hiyo sisi wengine semina za ubunifu hazitatusaidia.

Kinasaba ni kwa njia ya vinasaba, yaani jeni, tunazopokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Basi.

Tatizo ni neno lilikotoka. Wataalamu walilichukua nasaba, neno la Kiarabu lililozoeleka pwani tangu zamani, wakalibandika ki-. Lakini nasaba ya wazee wetu haikuwa damu tupu. Anayekuuliza nasaba yako anauliza ukoo, na ukoo una jina, adabu na kazi zake, pamoja na aliyekushika mkono ukajua kupiga randa. Mtoto wa fundi majahazi hurithi jeni za baba; hurithi pia karakana, na utoto mzima wa kuokota maranda.

Mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Wanafunzi wake wa kwanza wengi walikuwa jamaa zake. Damu? Labda. Ila walikaa naye wakimwangalia anavyochora. Alifariki 1972, na leo mtindo wake unachorwa na watu wasio na undugu naye wowote.

Sikatai kwamba jeni zina mchango. Mapacha wa kufanana hukaribiana kwenye vipimo vya ubunifu kuliko mapacha wasiofanana. Ila asilimia za urithi zinazotokana na tafiti hizo za mapacha hupima tofauti baina ya watu. Hazigawi ubunifu wa mtu mmoja, fungu hili la jeni, hili la malezi. Chukua vidole. Jeni ndizo zinazotupa vitano kila mkono, lakini ukikutana na fundi mwenye vinne, ulizia msumeno kabla ya ukoo. Kwa kuwa tofauti za vidole baina ya watu nyingi hutokana na ajali, kwa kipimo kile kile idadi ya vidole "hairithiki" sana! (Hapa ndipo wengi hunikimbia.)

Kwa hiyo, bosi, mwenzetu ana nasaba ya uchoraji, hilo halina ubishi. La kinasaba tuliache, maana hakuna aliyempima. Na ile semina ya Alhamisi, naomba isifutwe.