Je, wajua kwa nini lenzi ya f/1.4 hupata mwanga mara nne ya ile ya f/2.8?

Taa kubwa za ukumbi wa harusi zikizimwa na kubaki zile za rangi zinazozunguka juu ya wachezaji, kamera hubaki na mambo matatu tu ya kuitegemeza: tundu la lenzi, muda ambao shata (pazia la ndani ya kamera) inakaa wazi, na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Muda wa shata huwezi kuurefusha, kwa sababu watu wanacheza. ISO ukiipandisha mno, picha hujaa chengachenga na rangi ya ngozi hupauka. Flashi nayo kuna ibada ambamo hairuhusiwi kabisa, na hata inaporuhusiwa, dari jeusi au la juu sana halirudishi mwanga, huku zile taa za rangi zilizopamba ukumbi zikifutika pichani. Linalobaki ni tundu. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi huangalia kwanza ile namba ndogo ya f iliyoandikwa mbele ya lenzi, hasa lenzi ya pembe pana, ile inayoona eneo kubwa kwa mara moja.

Namba hiyo hupatikana kwa hesabu nyepesi: chukua urefu wa fokasi (zile milimita zinazoitambulisha lenzi; zikiwa chache, pembe inayoonwa ni pana), gawanya kwa upana wa tundu jinsi linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 24 yenye f/2.8 ina tundu la karibu milimita 8.6. Ya milimita 24 yenye f/1.4 ina tundu la milimita 17 hivi. Kipenyo kimekuwa maradufu, lakini mwanga hauingii kwa kipenyo, huingia kwa eneo zima la duara, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Mbili mara mbili ni nne. Ndiyo sababu pia namba hizi huruka kwa mtindo unaowachanganya wengi, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6: kila hatua moja mbele hupunguza mwanga kwa nusu.

Sasa ipeleke hesabu hiyo ukumbini. Tuseme kwa f/2.8 na shata ya 1/125 ya sekunde kamera inadai ISO 6400. Fungua hadi f/1.4, na ISO inashuka hadi 1600 bila kugusa shata. Au bakiza ISO ilipo na upandishe shata hadi 1/500, kasi ya kumsimamisha hewani mtu anayeruka. Mwanga hufika kwenye sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachoupokea) kwa chembe ndogo zisizofuatana kwa mpangilio. Chembe zikiwa chache, tofauti kati ya sehemu moja ya picha na jirani yake huonekana kama chenga. Zikiongezeka mara nne, picha husafika maradufu. Programu za kuondoa chenga zimeendelea sana na ninazithamini, ila hazina uwezo wa kurudisha uzi wa nakshi kwenye shela ambao sensa haikuupata tangu mwanzo.

Lakini lenzi za f/1.4 zipo za urefu mwingi. Kwa nini pembe pana hasa?

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Tundu kubwa lina gharama yake: kina cha picha, yaani ile sehemu ya mbele na nyuma inayotoka kali, hupungua. Kwa kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa ya ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya milimita 85 kwa f/1.4 ikilengwa kwa mtu aliye mita 3, kina ni kama sentimita 10 tu. Bibi harusi akiwa mkali, bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma yake tayari ana ukungu. Badilisha uweke milimita 24, tundu lilelile la f/1.4, umbali uleule: ukali unaanza karibu mita 2.5 na kufika mita 3.8. Maharusi wamo, wasimamizi wao wamo, na mama anayefuta machozi nyuma yao yumo. Bila shaka kila mmoja ataonekana mdogo zaidi kuliko kwenye ile ya 85, na ukisogea hadi mita moja kina kitabaki sentimita 15 hivi. Hata hivyo, kwa picha inayotakiwa kubeba watu kadhaa gizani, pembe pana ndiyo inayokuruhusu kuitumia f/1.4 kwa kweli. Kwenye lenzi ndefu mara nyingi unalipia f/1.4, halafu unalazimika kufunga hadi f/2.8 ili watu wawili watoke wakali.

Mkono nao hupata nafuu. Kanuni ya zamani husema shata isiwe polepole kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo milimita 24 inavumilia 1/25. Kanuni hiyo inahusu mtetemo wa mikono yako tu. Maharusi wakisimama kimya wakati wa viapo, 1/60 inaweza kutosha. Muziki ukianza, usishuke chini ya 1/200. Kitulizi cha mtetemo kilichomo ndani ya kamera hakisaidii hapo, kwa maana hakiwezi kuituliza miguu ya anayecheza.

Urefu gani basi? Milimita 35 huona pembe ya nyuzi 63 hivi kutoka kona hadi kona, 28 huona 75, 24 huona 84, na 20 huona 94. Anayenunua lenzi moja tu namshauri 35, bila kusita. Inatosha kuingiza watu wanne au watano ukiwa karibu, na nyuso hubaki na umbo lake. Ile ya 24 ni ya pili, kwa ajili ya katikati ya uwanja wa kucheza na vyumba vidogo vya maandalizi, ambako ukuta uko mgongoni na huna pa kurudi. Ubaya wake uko pembeni mwa fremu: kichwa kilicho karibu na kona huvutika kikawa kama yai, na mkono ulio pembeni hunenepa. Hiyo si kasoro ya kiwanda, ni jiometri ya kulitandaza eneo pana juu ya sensa bapa, kwa hiyo hata lenzi ghali kuliko zote itafanya vivyo hivyo. Bibi harusi akae katikati. Pembeni paachiwe mapambo.

Mwenye kamera yenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fulu fremu, azidishe urefu wa lenzi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Kwake milimita 24 huona kama 36, na kwa kazi ya 24 atahitaji 16.

Zumu, yaani lenzi zinazobadili urefu, nyingi za kazi hii huishia f/2.8. Zipo zilizovuka mpaka huo, kama Sigma 18-35mm f/1.8 ya mwaka 2013 kwa sensa za APS-C, na Canon RF 28-70mm f/2 ya mwaka 2018, ambayo ina uzito wa kama kilo 1.4. Kuibeba saa nane mfululizo ni kazi ya bega zima.

Kati ya f/1.4 na f/1.8, mwanga hutofautiana kwa mara 1.65 tu, chini ya hatua moja kamili. Lenzi za f/1.8 huwa nyepesi na za bei nafuu zaidi, na kwa wengi zinatosha kabisa. Naiona f/1.4 ina haki ya bei yake pale tu picha zako nyingi ni za kumbi ambazo tayari zinakusukuma hadi ISO 6400 na zaidi.

Kuna kasoro mbili za kuchunguza kabla ya kulipa. Ya kwanza ni kona kuwa nyeusi tundu likiwa wazi kabisa. Programu hulirekebisha hilo, lakini ikiangaza kona huinua na chenga zake. Ya pili inaumiza zaidi kwenye harusi: taa ndogo za mapambo zilizo karibu na kona hutoka kama ndege waliokunjua mabawa badala ya nukta. Ijaribu lenzi kwenye chumba chenye giza. Washa taa moja ndogo, iweke kwenye kona ya fremu, piga kwa f/1.4, kisha f/2, kisha f/2.8, na uzikuze picha hadi asilimia 100. Mabawa yakiisha kwenye f/2, hiyo ni lenzi ya kazi. Yakidumu hadi f/2.8, ukumbi wowote wenye taa za mapambo utakurudisha kwenye mwanga uleule wa zumu uliyokuwa nayo.