Je, wajua kwa nini pangaboi la hotelini linavuma kama helikopta?

Kiswahili kina neno moja, pangaboi, kwa feni ya darini na kwa mapanga yanayoinua helikopta. Dakika za mwanzo za Apocalypse Now, filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1979 kuhusu vita vya Vietnam, zimejengwa juu ya udugu huohuo. Kapteni Willard, mhusika mkuu, amelala chali kwenye chumba cha hoteli huko Saigon. Macho yake yako kwenye feni, masikio yake yako kwenye helikopta. Hakuna anayetuambia kwamba vita vimemganda kichwani, lakini tumeshalijua hilo kabla hajatamka neno.

Sauti ndiyo inayotangulia. Skrini ingali nyeusi tunaposikia pigo zito la mapanga, kisha mstari wa minazi unajitokeza taratibu. Sikiliza pigo hilo vizuri. Huey, helikopta ya Marekani iliyotumika sana katika vita hivyo, ina mapanga mawili yanayozunguka takribani mara 324 kwa dakika, yaani mapigo kama 11 kila sekunde, yanayofuatana upesi mno. Hapa mapigo ni ya polepole, na mngurumo wa injini haupo. Walter Murch, mbunifu wa sauti wa filamu hiyo, na wenzake waliichambua sauti ya helikopta sehemu kwa sehemu, yaani mapanga, injini na rota ya mkia, kisha wakaunda upya pigo la mapanga peke yake kwa sinthesaiza, chombo cha kielektroniki cha kuunda sauti. Ndiyo sababu sauti hiyo inakubali kukaa juu ya feni. Wangeweka sauti halisi na injini yake, jicho lingeona feni na sikio lingekataa.

Katika kumbi zilizoonyesha nakala za milimita 70, yaani za utepe mpana wa filamu, spika za nyuma ziligawanywa kushoto na kulia, hivyo helikopta ikamzunguka mtazamaji kama feni inavyozunguka juu ya kitanda.

Muziki ni The End wa kundi la The Doors, wimbo wa mwaka 1967 wenye urefu wa karibu dakika 12. Filamu inaanza na gitaa lake la taratibu. Sauti ya Jim Morrison inapoingia kuimba kwamba huu ndio mwisho, msitu unalipuka moto. Picha na wimbo vinagongana waziwazi hapo, na mhariri halirudii pigo hilo kila mara. Wahariri wengi wanaoanza hukata picha kila ngoma inapolia, na baada ya nusu dakika mtazamaji ameshaubashiri mkato unaofuata, hashtuki tena. Jambo jingine ambalo wengi hawaligundui ni kwamba moto ule hauna kishindo. Mlipuko ungekuwa na sauti yake, tungekuwa vitani. Kwa kuwa ni kimya, tuko ndani ya kumbukumbu ya mtu.

Picha za moto wenyewe zilitokana na mabaki ya upigaji wa tukio jingine la filamu hiyohiyo, lililopigwa Ufilipino kwa kamera kadhaa. Mabaki yalikuwa mengi: zilichapwa futi zipatazo 1,250,000 za filamu, kama saa 230, ili kupata kazi ya saa mbili na nusu.

Kisha uso wa Willard unaingia juu ya moto, umepinduliwa, kushoto mwa skrini. Kwa kawaida picha moja huyeyukia nyingine kwa sekunde moja au mbili, fremu 24 hadi 48, na ya kwanza inaondoka. Hapa zinakaa pamoja kwa muda mrefu, uso, moto, feni, hata kichwa cha sanamu ya mawe tutakayokutana na mahali pake mwishoni mwa safari ya Willard. Yaliyopita, yaliyopo na yajayo yako kwenye fremu moja.

Kwa nini hazigeuki uji? Kwenye filamu ya selulodi picha mbili zikipandishwa, mwanga hujumlishwa, na picha moja huonekana vizuri pale tu nyingine ilipo giza. Uso umezungukwa na weusi wa chumba, moto unapata pa kuwaka. Uso umetulia, moto unatembea, jicho linavitenganisha. Anayejaribu hili kwenye kompyuta asishushe tu uzito wa picha ya juu hadi asilimia 50, kwa sababu weusi wake utaifunika ya chini kama vumbi. Achague namna ya kuchanganya inayojumlisha mwanga, na apige picha ya uso kwenye chumba chenye giza tangu mwanzo. Picha mbili zenye mwanga mwingi zikikutana hubaki weupe tu, na hakuna programu itakayoziokoa.

Mwishoni minazi inafifia na feni inabaki. Pigo la sinthesaiza linaiachia nafasi sauti ya helikopta ya kweli inayopita juu ya hoteli. Willard anainuka, anakwenda dirishani, anatenganisha vibao vya pazia kwa vidole. Nje kuna barabara tu na mwanga wa mchana. Neno lake la kwanza ni jina la mji, Saigon, kwa uchungu wa mtu aliyedhani ameamkia msituni.