toUpperCase() haiigusi stringi yako

Wiki hii nimeletewa tena kodi ileile. Mstari mmoja wa JavaScript umeandikwa jina.toUpperCase(), agizo la kukuza herufi zote, na unaofuata unachapisha jina. Konsoli inaonyesha "asha", na mwenye kodi anaapa kwamba JavaScript ina hitilafu.

Haina. Stringi, yaani maandishi ndani ya programu, ikishaundwa haibadiliki. toUpperCase() huunda stringi mpya na kukurudishia, usipoipokea, imepotea. Ipokee: const jinaKubwa = jina.toUpperCase(). Nawasihi wanafunzi wangu watumie kigeu kipya namna hii, ili alichoandika mtumiaji kibaki kama kilivyo.

Wengine hujaribu kupita dirishani: jina[0] = "A". Hapa ndipo ninapochoka kabisa, kwa sababu bila "use strict" (agizo la kuifanya JavaScript iwe kali zaidi) mstari huo haubadilishi herufi wala hautoi kosa. Kimya. Nimeona mtu akipoteza mchana mzima akitafuta tatizo kwenye faili nyingine. Weka "use strict" juu ya faili, na kosa la TypeError litakuonyesha mstari wenyewe.

Na msitafute capitalize() ya kukuza herufi ya kwanza; hiyo ni ya Python, lugha nyingine. Kwenye JavaScript unaunganisha mwenyewe: jina.charAt(0).toUpperCase() + jina.slice(1). Tumia charAt(0), tafadhali, usitumie jina[0]. Stringi ikiwa tupu, charAt(0) hurudisha stringi tupu, lakini jina[0] ni undefined (hakuna thamani), na ukiiitia toUpperCase() programu inaanguka. Fomu zisizojazwa zipo kila siku.

"Si nimeshaweka text-transform: capitalize kwenye CSS, mitindo ya ukurasa?" Hiyo inabadilisha mwonekano tu. Seva itapokea "asha" vilevile.

Kwenye majina ya vigeu, wapo wanaodhani kila kigeu cha const lazima kiandikwe kwa herufi kubwa tupu. Ni mazoea tu, tena kwa thamani zisizobadilika zinazojulikana mapema, kama IDADI_YA_JUU. Wapo pia wanaodhani jinaLaMteja na jinalamteja ni kitu kimoja. Ni vigeu viwili. Na hakuna sheria inayodai majina ya Kiingereza: umriWaMteja kinaeleweka kuliko x2.

Mwisho, msiamini kwamba kukuza herufi hakugusi urefu wa stringi. "straße" ya Kijerumani ina herufi 6. Ukiikuza inakuwa "STRASSE", herufi 7. Kama umeweka kikomo cha herufi, pima urefu baada ya kukuza.