Puto halibishi: ya barazani na ya angani

Pale Jaws Corner, baraza letu la Mji Mkongwe, Unguja, kahawa ikishamiminwa na dhumna zikianza kulia mezani, hakuna asiyejua jambo. Juzi gumzo lilikuwa puto la hewa moto, kwa kuwa kijana mmoja wa mtaani karudi Serengeti na picha. Mimi kazi yangu kukata tiketi za ndege ndogo, na puto nimelipanda mara moja, basi nikaitwa shahidi.

Wa kwanza akasema si kitu kipya, Paje wapo tele. Hapana. Paje ni tiara zinazowaburura watu juu ya maji, na kule Nungwi ni parachuti linalovutwa na boti kwa kamba. Puto halivutwi na kitu.

Mwengine akasema limejazwa gesi, kama maputo ya watoto sikukuu ya Mnazi Mmoja. Gesi ipo, ila ni ya mitungi, ndugu yake hii tunayopikia, na kazi yake ni kuwaka tu. Ndani ya puto mna hewa hii hii tunayovuta. Mita moja ya ujazo ya hewa huku pwani ina uzito wa kama kilo 1.2. Ukiipasha moto hadi nyuzi 100 hutanuka, na mita ile ile hubaki na chini ya kilo moja. Tofauti ni robo kilo hivi, haifiki hata uzito wa nazi. Lakini puto kubwa hubeba mita za ujazo 10,000, na robo kilo mara elfu kumi ni zaidi ya tani mbili: kitambaa, kikapu, mitungi, rubani na abiria wake.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi akaweka kikombe chini. "Mwanangu, upepo ukimkatalia rubani, anabisha vipi?"

"Habishi, ami."

Akadhani namfanyia mzaha. Watu wengi wanaamini rubani ana usukani mahali fulani. Hana. Jahazi hubisha, yaani hukata pande hii na ile mpaka likaushinda upepo wa mbele, kwa sababu tanga limeshika upepo na mkuku umeshika maji. Nahodha anacheza na viwili hivyo. Puto halina cha pili cha kushika, limezama lote ndani ya upepo na linakwenda nao mwendo mmoja. Ndiyo maana kikapuni husikii upepo hata kidogo. Mimi nilivaa koti zito, kumbe baridi haikuwapo. Kilichonipata ni joto la moto lililonipiga utosini. Anayekwenda achukue kofia.

Anachoweza rubani ni kupanda na kushuka, basi. Lakini pepo hazifanani kwa kimo, na hilo nahodha alilielewa kabla sijamaliza: alfajiri upepo wa umande unaweza kutoka nchi kavu huku mawingu juu yakifuata kusi. Rubani anatafuta tabaka linalokwenda anakotaka. Albuquerque, Marekani, baadhi ya asubuhi za Oktoba upepo wa chini hutoka kaskazini na wa juu hutoka kusini, basi mtu huondoka chini, akapanda, akarudishwa karibu na alipoanzia. Kwengineko gari hulifuata puto chini na kuwachukua watu popote watakapotua.

Ndiyo maana Unguja hatuna safari hizo. Kisiwa hakifiki kilomita 40 kwa upana. Kaskazi ikuchukue, kusi ikuchukue, mwisho wako ni majini. Hata hivyo anayesema puto halijapata kuruka hapa naye kakosea. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake waliondoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni, wakavuka mkondo mpaka bara. Wapo pia wanaosimulia kuwa safari ya kwanza ilivuka Afrika nzima kutoka hapa mpaka Senegal. Hiyo ni riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1863.

Akabaki mmoja: "Moto ukizimika mnaanguka kama jiwe." Hapana. Hewa ndani hupoa polepole, puto likaanza kushuka polepole, na rubani hana kichomeo kimoja tu. Siwaambii kwamba hakuna hatari. Luxor, Misri, Februari 2013, moto ulishika kikapuni wakati wa kutua, wakafa watu 19. Texas mwaka 2016 puto liligonga nyaya za umeme, wakafa wote 16. Kwa hiyo wa kuogopwa ni moto, nyaya, na upepo mkali wakati wa kutua, wala si kimo. Na kikapu kikitua kikalala ubavu usipige kelele, jambo la kawaida hilo.

Kuruka alfajiri nako wengi hudhani ni kwa ajili ya picha. Jua likishapasha ardhi, hewa huanza kupanda kwa mikupuo na upepo ukachafuka; asubuhi imetulia. Tena hewa ya nje ikiwa baridi, ile ya moto hubeba zaidi.

Hapa ndipo wateja wangu wanapokosea. Wanataka kuondoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, asubuhi, wapande puto, warudi jioni. Ndege hufika puto limeshakunjwa zamani. Lazima ulale huko huko. Ndege ndogo nayo haiogopi upepo, inautaka. Uwanja wetu umelala kaskazini na kusini, na rubani huruka akiukabili upepo, msimu wa kusi akielekea kusini. Puto upepo ukizidi kidogo haliondoki kabisa.

Kitu kimoja wanafanana: wote wanauliza uzito. Begi laini, kilo 15, halafu na wewe mwenyewe unapanda mizani. Bibi mmoja alinijibu kuwa yeye si karafuu. Nilimwandikia alichonitajia, nikaongeza kilo kumi.