Makaisari na dhahabu iliyopunjwa kwenye mizani

Sarafu ya dhahabu ya Kirumi ikifika mezani kwangu, sianzi na sura ya kaisari. Naipima kwanza. Sura ni ile aliyotaka watu waione. Gramu ndizo zinazonieleza hali ya hazina yake.

Sarafu yenyewe iliitwa aureus, na moja ilikuwa sawa na dinari 25 za fedha. Zama za Augustus, kaisari wa kwanza, askari wa legioni alilipwa dinari 225 kwa mwaka, kwa mafungu matatu. Hesabu yake ni aurei tatu kila fungu, kabla ya makato ya chakula na mavazi. Mshahara wa miezi minne, na ukifumba kiganja hauonekani.

Mwanzoni ratili moja ya Kirumi ilitoa aurei 40 hivi, kila moja ikikaribia gramu 8. Mwaka 64 Nero akazifikisha 45. Mwaka 215 Caracalla akafika 50, kisha Diocletianus 60. Baadhi ya aurei za Diocletianus zina herufi ya Kigiriki Ξ, ambayo ni tarakimu ya 60. Hizo nazipenda mno: kaisari kaandika kipimo chake waziwazi, kila mtu akione.

Kwa nini wapunguze uzito badala ya kuchanganya shaba? Sarafu za fedha walizichakachua bila haya. Kufikia mwaka 270 zilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu. Dhahabu haikubali hivyo. Ukiichanganya, rangi inageuka, na sonara akiisugua kwenye jiwe lake jeusi anajua papo hapo. Lakini nusu gramu ikipungua, mkono hauhisi. Katika vurugu za karne ya 3 hata usafi wa dhahabu uliyumba, ila haukuanguka kama wa fedha.

Constantinus ndiye aliyeituliza. Solidus yake, sarafu ya dhahabu iliyochukua nafasi ya aureus, 72 kwa ratili, takriban gramu 4.5, ilidumu na usafi wake huko Constantinople, mji mkuu wa makaisari wa mashariki, hadi karne ya 11. Chukua moja ya kaisari Leo I, aliyetawala 457 hadi 474: ni nyembamba, bapa, bado inang'aa. Nyuma amesimama Victoria, mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa, ameshika msalaba mrefu, na chini ya miguu yake zimegongwa herufi CONOB. CON ni Constantinople. OB ni kifupi cha obryzum, dhahabu iliyosafishwa kwa moto.