Klabu kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi: maana yake, na kwa nini mnunuzi hupatikana dakika za mwisho

Ukisikia klabu ya Uingereza imewekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, elewa kwamba imeshindwa kulipa madeni na mmiliki wake hana tena usemi. Maamuzi yote yanahamia kwa mtaalamu mwenye leseni ya kazi hiyo, anayefanya kazi chini ya sheria ya ufilisi ya mwaka 1986. Yeye si shabiki wala hana hisa. Kazi yake ni kuiokoa kampuni ikiwezekana, na ikishindikana, kuwapatia wadai kingi kuliko ambacho wangepata klabu ikifungwa papo hapo.

Siku anapoingia, wadai wanazuiwa. Hakuna wa kukamata mali wala wa kwenda mahakamani kuomba klabu ifungwe. Wengi huchukulia kwamba hapo timu imeshapona. Bado. Mishahara inaendelea kudaiwa, umeme unawaka, msimamizi mwenyewe analipwa, na fedha za kuendeshea mambo zinakwisha wiki baada ya wiki. Ndipo wachezaji wanapoanza kuuzwa kwa bei ya haraka. Crystal Palace iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2010, na ndani ya siku chache kijana wake Victor Moses akawa ameuzwa Wigan.

Juu ya hayo kuna adhabu ya ligi. Madaraja ya chini ya Ligi Kuu hukata pointi 12 siku hizi. Zamani zilikuwa 10. Ligi Kuu ilikata 9 kwa Portsmouth, klabu ya kwanza ya ligi hiyo kufikia hali hii, Februari 2010. Wakashuka daraja msimu huohuo, ilhali Mei walicheza fainali ya Kombe la FA na kufungwa na Chelsea 1-0.

Sasa, kwa nini ununuzi huchelewa hadi saa za mwisho? Kwa sababu klabu si kitu kimoja cha kununua. Kuna kampuni yenyewe, kuna haki ya kushiriki ligi ambayo ligi ndiyo inayoitoa, kuna mikataba ya wachezaji, na kuna uwanja, ambao mara nyingi uko mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Kila mmoja wao anajua kwamba bila saini yake biashara haiendi, hivyo kila mmoja anasubiri mwenzake alegeze kwanza.

Palace ndio mfano ulio wazi zaidi. Timu ilikwepa kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu kwa sare ya 2-2 ugenini kwa Sheffield Wednesday, lakini hilo halikuiokoa klabu. Kundi la wanunuzi likiongozwa na Steve Parish lilikuwa tayari kuichukua, ila uwanja wake, Selhurst Park, ulimilikiwa na kampuni nyingine, nayo imefilisika, na benki ndiyo iliyokuwa inaidai. Wanunuzi wakagoma kuchukua timu isiyo na uwanja. Tarehe 1 Juni 2010 mashabiki walikusanyika nje ya makao makuu ya benki ya Lloyds jijini London kuidai ikubali, na siku hiyohiyo makubaliano yakapatikana. Naamini kelele zile zilikuwa na uzito wake: benki kubwa haitaki kuonekana imeua klabu ya watu.

Jambo linaloniumiza katika utaratibu huu ni foleni ya malipo. Kwa kanuni za soka la Uingereza, wachezaji na klabu nyingine zinazodai fedha za uhamisho hulipwa deni lote, kwani mnunuzi asipofanya hivyo ligi haimpi nafasi. Mamlaka ya kodi ilikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo na ikashindwa mwaka 2012. Wafanyabiashara wadogo wanaambulia sehemu tu ya haki yao. Huko Portsmouth wadai wa kawaida walikubaliana peni 20 kwa kila pauni, na katika orodha yao walikuwemo St John Ambulance, watu wanaotoa huduma ya kwanza uwanjani. Mchezaji wa mshahara mkubwa analipwa kamili, aliyemfunga bendeji shabiki anapata moja ya tano. Siioni haki hapo.

Na si kila klabu yenye madeni hufika kwa msimamizi. Tofauti hiyo ilionekana Agosti 2019. Bury, klabu iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, ilibaki mikononi mwa Steve Dale, aliyeinunua kwa pauni moja Desemba 2018. Ligi ilipotaka uthibitisho kwamba fedha za kuendesha msimu zipo, haukupatikana, na mechi za mwanzo zikaahirishwa. Mnunuzi alipopatikana mwishoni, alikuwa na siku chache tu za kupekua vitabu vya hesabu, na alipoona yaliyomo akajitoa. Jioni ya Agosti 27 Bury ikafukuzwa kwenye ligi iliyokuwa imecheza tangu 1894.

Bolton, majirani zao, walikuwa na tatizo la aina hiyohiyo, ila wao walikuwa chini ya wasimamizi tangu Mei. Mazungumzo yao nayo yalivunjika na kufufuliwa, wakaanza msimu wakiwa na pointi hasi 12, na ligi ikawapa siku 14 za mwisho. Hawakuzihitaji zote. Agosti 28, siku moja baada ya Bury kufukuzwa, wasimamizi wakatia saini kuiuza klabu.