Kujilaumu siyo kukiri kosa

Kuna watu wanaamini eti manusura wa ubakaji akijilaumu ujue kuna kaukweli, "si mwenyewe kasema". Hapana jamani. Chukua lile dodoso la PTCI (Posttraumatic Cognitions Inventory, yaani la imani za mtu aliyepitia tukio la kutisha) la mwanasaikolojia Edna Foa na wenzake, 1999, lina sentensi 33 zinazohesabiwa, mtu anajipa namba kuanzia 1 (sikubali kabisa) mpaka 7 (nakubali kabisa), 21 ni jinsi anavyojiona mwenyewe, 7 anavyoiona dunia, halafu 5 tu ndo za kujilaumu. Linapima anachoamini baada ya tukio basi, nani mkosaji haliulizi na wala haliwezi kujua. Mtu kawekewa dawa kwenye kinywaji na bado anajipa 7, hapo kosa lake liko wapi?

Mwanasaikolojia Janoff-Bulman mwaka 1979 alitenganisha kulaumu ulichofanya, "ningepita njia nyingine", na kulaumu ulivyo, "mimi ndo mtu wa hovyo", akaona hii ya pili ndo mbaya zaidi, ila tafiti za baadaye zikaonyesha hata ile ya kwanza inaumiza. Ndo maana kwenye tiba wanapima tena na tena, waone zile imani zinalegea au bado zimeganda. Sasa wewe unaibeba hiyo namba kama ushahidi, kivipi?